Saa Sita za Umande: Historia ya Kutu na Ukungu Kutoka Njoro Hadi Makutupora

Chini ya mashamba ya Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kuna maji mengi kuliko anavyoweza kudhani mtu anayeyatazama mashamba yenyewe mwezi wa Oktoba. Visima vya Mzakwe vilivyopo hapo vimeinywesha Dodoma tangu enzi ya mkoloni, na kina cha maji yake kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Vipimo hivyo vilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013, ilionekana kwamba akiba ile haijazwi na mvua za kawaida. Miaka hupita maji yakishuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua za kupindukia, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na maji yanapanda ndani ya miezi michache kiasi cha kufidia miaka ya ukame. Ukiuliza Dodoma inapata mvua kiasi gani utaambiwa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Jibu ni sahihi, ila halikuelezi maji yaliyo chini ya miguu yako yalitoka wapi.

Ukungu unaoshambulia mazao nao unaishi kwa hesabu ya namna hiyo. Kimbegu cha kutu ya ngano kikitua juu ya jani huhitaji unyevu wa saa sita hadi nane mfululizo, na umande wa usiku mmoja unatosha, mradi joto liwe kati ya nyuzi 15 na 24 hivi. Kikipata hayo huota, hujipapasia njia hadi kwenye kitundu jani linapopumulia, na kuingia. Wiki moja au mbili baadaye shina linapasuka vidonda vya rangi ya matofali, na kila kidonda kinamwaga vimbegu vipya kwa maelfu. Msimu mzima unaweza kuandikwa kitabuni kuwa wa ukame, na bado zikapatikana saa sita za umande mara nne au tano. Ndiyo maana ule usemi wa kwamba nchi kavu haina ukungu, na kwamba magonjwa ya mimea ni mzigo wa nchi za mvua, ni nusu ya ukweli. Hoja yangu ni kwamba hali ya hewa hutoa saa tu. Binadamu ndiye huamua ni mmea gani utakuwa umesimama pale saa hizo zikifika: wa aina moja au aina nyingi, mchanga au uliokomaa, wenye majani yaliyosongamana au yaliyoachiwa upepo. Historia ya ngano katika Afrika Mashariki, na ya zabibu, korosho na mahindi pembeni yake, inaweza kusomwa kama kumbukumbu ya maamuzi hayo.

Ngano ya Unyanyembe, kabla ya 1900

Nyanda za kati hazikuwahi kuwa nchi ya ngano. Wagogo walijenga maisha yao juu ya uwele, mtama na ng'ombe, na misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilikata Ugogo kwa haraka, ikihofia kiu ya Mgunda Mkali uliokuwa mbele yake. Hata hivyo Waarabu waliofanya makazi Kazeh huko Unyanyembe, Tabora ya leo, hawakukubali kuishi bila mkate. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1857 waliikuta ngano ikilimwa katika bustani, kwa maji ya kumwagilia, katika miezi mikavu baada ya masika.

Sina haja ya kuwapa wafanyabiashara wale elimu ambayo hawakuwa nayo. Walifuata desturi ya kwao Oman, ambako ngano hupandwa majira ya baridi kwa maji ya mifereji ya falaji. Lakini tazama desturi hiyo ilikuwa imepanga nini. Shamba lilikuwa dogo, limezungukwa na mtama na mazao mengine ambayo kutu ya ngano haiyagusi. Maji yaliletwa mizizini. Suke lilitoka wakati anga ni kavu na mvua zimekwisha. Masharti matatu kati ya yale ambayo ukungu huyahitaji yalikuwa yameondolewa bila mtu kutamka neno ukungu. Ngano ile ilibaki chakula cha wachache, na biashara ya misafara ilipokufa hata bustani hazikukumbukwa. Ngano kubwa ilikuja kwa njia nyingine kabisa.

Njoro, 1903 hadi 1945

Lord Delamere alihamia katika nyanda za juu za Kenya mwaka 1903 na kufungua shamba Njoro. Baada ya kondoo na ng'ombe wake kumfia, aligeukia ngano, akaagiza mbegu kutoka ng'ambo na kulima eneo ambalo nchi ile haikuwa imewahi kuliona likiwa na zao moja. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga, maana ngano bila kinu ni nyasi tu. Mashamba yalistawi, yakatoa masuke, kisha yakaliwa na kutu. Delamere, ambaye alikuwa na ukaidi mwingi na fedha za kuulisha ukaidi huo, aliajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu na kuanza kutafuta aina zitakazohimili. Kazi hiyo baadaye ilichukuliwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1927 kituo cha uzalishaji wa mbegu kikafunguliwa Njoro penyewe.

Mtu anaweza kusema: hapo panahitaji maelezo gani? Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, usiku ni baridi, ukungu wa asubuhi hushuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na umande hukaa majanini hadi jua lipande. Mahali kama hapo kutu ingekosaje? Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipuuza. Bila umande ule hakuna kutu. Lakini umande ulikuwapo Njoro maelfu ya miaka kabla ya 1903, ukilowesha nyasi ambazo hazikufa. Kipya kilikuwa shamba, na ndani yake mambo mawili mapya. La kwanza ni mbegu moja juu ya eneo kubwa: kimbegu kimoja cha ukungu kikijua kuingia kwenye mmea mmoja, kimejua kuingia kwenye mimea yote hadi upeo wa macho. La pili halikuonekana mapema. Katika nchi zenye theluji, majira ya baridi kwa kawaida huua kutu iliyo shambani, na ukungu hulazimika kuanza upya kila mwaka. Katika nyanda za juu za Kenya hakuna baridi ya kuua. Walowezi walipoeneza ngano kutoka Njoro hadi Uasin Gishu, huku kila eneo likipanda kwa kalenda yake, palikuwa karibu wakati wote na ngano mbichi mahali fulani. Kutu ilihamia kutoka shamba hadi shamba kama mfugaji anayefuata malisho.

Watafiti wa Njoro wakajikuta kwenye mbio ambazo hazina utepe wa mwisho. Aina mpya ilitoka, ikasifiwa, ikapandwa kila mahali, na baada ya misimu michache ikaanza kuonyesha vidonda. Ukungu wa kutu una matabaka mengi yanayofanana kwa macho na kutofautiana kwa uwezo wa kuingia, na aina ya ngano yenye kinga moja tu ni nyumba yenye komeo moja: ipo siku atakuja anayejua kulifungua. Kadiri aina hiyo inavyopendwa ndivyo siku hiyo inavyokaribia, kwa kuwa kila ekari inayoongezwa ni mahali pengine pa ukungu kujaribu bahati yake.

Mbegu za Kenya, mashamba ya Mexico na ng'ombe wa Hanang, 1950 hadi 1980

Mwaka 1950 tabaka la kutu lililopewa namba 15B lilivamia mashamba ya Marekani na Kanada na kuziangusha aina zilizokuwa zimetegemewa kwa miaka. Huko Mexico, Norman Borlaug alikuwa amekwisha kuchanganya ngano ya Kiitaliano iitwayo Mentana na ngano zilizotoka Kenya, na moja ya matokeo yake, Kentana 48, ilikuwa miongoni mwa chache zilizosimama. Damu ya ngano iliyoteswa Njoro ikawa kinga ya mashamba ya mbali, na ikaingia katika ukoo wa mbegu fupi zilizomletea Borlaug Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Kwa miongo mitatu baada ya hapo kutu ya shina ilikaribia kusahauliwa duniani. Wataalamu wake walistaafu bila kurithiwa. Sehemu kubwa ya ngano mpya ilibeba kinga ileile, jeni lililochukuliwa kwenye nafaka ya rai na kupewa jina Sr31, ambalo lilipendwa pia kwa sababu liliongeza mavuno.

Tanzania ilijifunza somo la eneo kubwa mara mbili. Kongwa, mashariki mwa Dodoma, mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa umekufa kufikia 1951. Ukungu haukuwa muuaji wake mkuu. Ulikufa kwa udongo mgumu, mashine mbovu na mvua iliyotarajiwa kufuata wastani ambao haikuufuata. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la NAFCO lilifungua mashamba saba ya ngano Hanang, kuzunguka Basotu, kila moja la takribani ekari 10,000, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Dhuluma ya kuhamishwa kwao ni historia inayojitegemea na ilifika mahakamani. Kwa upande wa mmea, Hanang ilikuwa kavu kuliko Njoro na ikapata nafuu fulani, lakini muundo ulikuwa uleule: mbegu chache, mashine kubwa, upeo wa macho wa rangi moja.

Zabibu zinafika Makutupora

Wakati ngano ikitafuta nyanda za juu, zao jingine lilikuwa likijaribiwa kwenye joto la Dodoma. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu kabla ya uhuru, kwa divai ya altare kwanza. Baada ya uhuru zao hilo likaingia katika mashamba ya magereza na vijiji, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kituo cha utafiti na mafunzo ya zabibu kikaanzishwa Makutupora. Leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI. Kilichoishangaza dunia ya divai ni kwamba mzabibu wa Dodoma haulali. Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kusubiri. Dodoma mkulima huuamsha kwa mkasi: anapogoa mwishoni mwa mwaka na kuvuna Februari au Machi, anapogoa tena mvua zikielekea kwisha na kuvuna Agosti au Septemba. Mavuno mawili kwa mwaka mmoja, na kwa hiyo kalenda mbili za ugonjwa.

Hapa ndipo Makutupora inapotufundisha jambo ambalo ngano peke yake isingelifundisha. Ukungu mkuu wa mzabibu ni wa namna mbili, na kila mmoja una mazoea yake ya maji. Wa kwanza ni ubwiri vinyoya, ambao wanabiolojia wa siku hizi hawauhesabu tena kuwa ukungu halisi, ingawa mkulima hana sababu ya kujali ukoo wake. Mvua ikinyesha usiku wa Januari, majani ya chini yanayogusana hubaki yameloa hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Siku chache baadaye upande wa juu wa jani unatokea mabaka ya njano yenye kung'aa, kama jani limedondoshewa mafuta ya kupikia. Ukiligeuza, upande wa chini chini ya baka hilohilo kuna manyoya meupe mafupi. Wakulima wa Italia wana kanuni ya kumi tatu: chipukizi la sentimita kumi, mvua ya milimita kumi, joto la nyuzi kumi, na ugonjwa umefungua mlango. Dodoma nyuzi kumi zipo mwaka mzima. Mlango unashikiliwa na mvua peke yake, na mvua ipo Desemba hadi Aprili, wakati ambao mavuno ya Machi yananing'inia.

Wa pili ni ubwiri unga, na huu ndio unaovunja usemi wa nchi kavu. Hauhitaji jani lililoloa. Maji ya mvua huudhuru, huviosha vimbegu vyake. Unapenda joto la wastani, hewa tulivu na kivuli cha majani yaliyosongamana. Mwezi wa Juni, mvua zimekwisha na vumbi limeanza, punje changa za zabibu zinaweza kuonekana kama zimepakwa unga wa sembe. Ganda lililofunikwa na unga huo huacha kukua, nyama ya ndani inaendelea kujaa, na punje inapasuka ubavuni hadi mbegu zinaonekana. Mkulima aliyekwepa ukungu wa masika kwa kupogoa Aprili amekutana na ukungu wa kiangazi. Kinachoamua ni kiasi cha majani alichoacha, kama upepo unapita katikati ya mistari, na kama alipuliza salfa kabla ya unga kuonekana badala ya baada.

Ulaya iliyapitia haya kwa gharama kubwa zaidi. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845 na kuenea Ufaransa, hadi salfa ilipothibitishwa kuwa dawa. Kisha, walipoagiza mizabibu ya Marekani ili kujikinga na mdudu aliyekuwa akila mizizi, wakaleta ubwiri vinyoya pamoja nayo, ukaonekana Ufaransa mwaka 1878. Mwaka 1885 Millardet wa Bordeaux akatangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa ambao bado unapulizwa duniani. Ugonjwa wa pili ulipanda meli ndani ya dawa ya ugonjwa mwingine, na tutaliona jambo kama hilo tena karibu na kwetu. Mizabibu ya Dodoma nayo huzaliwa kwa vipandikizi, na aina chache tu za divai, hasa ile nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, zimetawala mashamba kutoka Hombolo hadi Mpunguzi. Kila shina ni pacha wa jirani yake.

Korosho, 1974 hadi 1987: ushahidi kutoka kusini

Anayedhani nasukuma mno hoja ya nchi kavu kwa mfano wa zabibu peke yake, atazame Mtwara na Lindi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 ilivuna kama tani 16,500. Ubwiri unga wa mikorosho uliripotiwa nchini mwaka 1979, na hushambulia maua yanayotoka katika kiangazi, Juni hadi Septemba. Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba anguko hilo lilitokana na bei duni na watu kuhamishiwa vijijini, na kwamba uzalishaji ulikuwa umeanza kushuka kabla ukungu haujaripotiwa. Wana haki kuhusu mpangilio wa miaka. Ila pingamizi lao linaiunga mkono hoja yangu. Watu walipohamishwa mbali na mikorosho yao, miti iliachwa bila kupaliliwa wala kupunguzwa matawi, vichaka vikaungana, kivuli kikawa kizito, na machipukizi ya ndani yakawa kitalu ambamo ukungu ulikaa ukisubiri maua. Kiangazi cha Mtwara hakikuwa kimebadilika. Utunzaji wa miti ndio uliobadilika.

Kutoka Kalengyere, 1998 hadi 2014

Mwaka 1998, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere, katika milima ya kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona vidonda vya kutu ya shina kwenye ngano ambazo hazikupaswa kuwa navyo, kwa sababu zilibeba Sr31. Sampuli zilipimwa Afrika Kusini mwaka 1999, na tabaka hilo likabaki na jina la nchi na mwaka: Ug99. Uganda si mkulima mkubwa wa ngano, na hilo liliifanya habari ionekane ndogo. Lakini Kenya ililiona mwaka 2001, Ethiopia 2003, Sudan na Yemen 2006, Iran 2007, Tanzania 2009. Borlaug, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90, alipiga mbiu mwaka 2005, na kituo cha Njoro, kilekile cha mwaka 1927, kikawa mahali ambapo nchi nyingi hupeleka ngano zao zikaonje kutu kabla ya kupewa wakulima.

Kilichofuata kinajibu vizuri pingamizi la hali ya hewa. Kenya ilikuwa na aina iitwayo Kenya Mwamba, yenye kinga nyingine, Sr24. Ilipendwa, ikaenea. Mwaka 2006 tukapata mtoto wa Ug99 anayejua kuvunja Sr24, na 2007 Mwamba ikaanguka. Ethiopia ilipigwa mwaka 2010 na ugonjwa tofauti, kutu ya manjano, ulioangusha aina ya Kubsa iliyokuwa imetapakaa. Serikali na wakulima wakakimbilia aina ya Digalu, ambayo ilihimili kutu ya manjano na pia Ug99. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa kila kigezo kilichokuwapo mezani. Kufikia mwishoni mwa 2013 tabaka jingine la kutu ya shina, lisilo la ukoo wa Ug99, liliikuta Digalu imejaa kusini mwa nchi na kuipukutisha mashamba kwa mashamba. Mwaka uliofuata, Kenya, aina ya Robin iliyokuwa imetolewa kama jibu la Ug99 nayo ilianza kuanguka. Mvua ya Bale, hukohuko kusini mwa Ethiopia, ilinyesha sawasawa juu ya Digalu na juu ya aina nyingine zilizopandwa jirani. Umande ni mmoja, na ngano zilizolala kwenye umande huo hazikufa zote.

Lipo pingamizi la pili, la watu wa vitendo: mbona dawa zipo? Mkulima mkubwa wa Narok au Uasin Gishu hupuliza mara mbili au tatu na kuvuna. Kwake ni kweli. Kwa mwenye nusu hekta huko Arsi au Mbulu, dawa ni fedha inayotakiwa kabla ya mavuno, pampu ya kuazima, na uwezo wa kuitambua dalili ndani ya siku chache, kwani shina likishaonyesha rangi ya matofali kila mahali dawa inabaki kulinda kidogo sana. Halafu dawa haiondoi sababu ya mbio. Inamwezesha mwenye nguvu kuendelea kupanda aina iliyochoka, na shamba lake linaendelea kupeperusha vimbegu kwa jirani asiyepuliza.

Mwaka 2016 na baada yake

Mei hadi Novemba 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hasa Chemba, Kondoa na Kiteto, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Mahindi waliyokula walikuwa wameyalima wenyewe. Ukungu unaotoa sumu hiyo, Aspergillus flavus, ni wa namna ya tatu: unapenda mmea ulioteswa na jua wakati punje zinajaa, kisha unapenda punje zilizowekwa ghalani kabla hazijakauka vya kutosha. Kiangazi kinaanza kazi, unyevu wa ghala unaimaliza. Tulipenda kusema wakati ule kwamba wananchi hawakuhifadhi vizuri, na kuhifadhi kulikuwa na sehemu yake. Lakini maambukizi yalianzia shambani, kwenye mahindi yaliyopandwa katika nchi ambayo wenyeji wake walikula uwele na mtama kwa karne nyingi. Mahindi yalipendelewa na bei, na mashine za kukoboa, na ladha ya mjini, miongo mingi kabla ya 2016. Kenya ilikuwa imeyaona mabaya zaidi mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa, hasa Makueni na Kitui, ambazo nazo ni nyanda kavu.

Mwaka huohuo wa 2016, Bangladesh ikaona kwa mara ya kwanza mlipuko wa ngano, ugonjwa uliotambuliwa Brazil mwaka 1985. Unashambulia suke lenyewe: shingo ya suke inakatika mzunguko wa uhai, na suke zima linakuwa jeupe na tupu huku majani ya chini bado ni kijani. Tofauti na kutu ya Njoro, huu hautaki ubaridi. Unataka nyuzi 25 na kupanda, na mvua ya siku chache mfululizo suke linapochomoza. Mwaka 2018 ukaonekana Zambia, wilaya ya Mpika, katika ngano iliyopandwa kwa mvua. Ulikuwa wa kwanza Afrika. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba ukungu wa Zambia na ule wa Bangladesh ni wa ukoo mmoja wenye asili ya Amerika ya Kusini, na kwamba kila nchi iliupokea kwa njia yake. Upepo hauvuki bahari hizo kwa urahisi. Nafaka na mbegu huvuka kila wiki.

Mpika iko kwenye reli ya TAZARA, katika jimbo linalopakana na Tanzania. Na Tanzania inakula ngano nyingi mara kadhaa kuliko inayolima, kwa hiyo inatafuta mashamba mapya, na nyanda za juu zenye baridi hazina nafasi ya kutosha. Ngano ikisogezwa chini kwenye joto inaiacha kutu ya shina nyuma kwa kiasi fulani na kuelekea kwenye mlipuko. Uamuzi mkubwa hapo ni tarehe ya kupanda. Ikipandwa ili suke litoke katikati ya masika, mvua ni ya bure na ugonjwa nao ni wa bure. Ikipandwa ili suke litoke Juni au Julai, kama ngano ya Unyanyembe, anga ni kavu na baridi kiasi, ila udongo nao umekauka, na mtu lazima alete maji. Namna ya kuyaleta ina uzito wake: mashine inayorusha maji juu ya mimea usiku huunda umande wa saa sita mahali ambapo hapakuwa na umande.

Wenye mizabibu ya Dodoma waliochimba visima wanatumia mipira ya matone. Agosti, vishada vikianza kubadilika rangi, maji yanadondoka chini ya shina kwenye duara la udongo lisilozidi upana wa ungo, na majani juu yake yako makavu hata alfajiri. Sehemu ya maji ya chini ya bonde la Makutupora ilishuka kama mvua ya El Niño ya 1997/98, ile iliyolowesha kila jani katika mkoa.